Mzee, Una Miaka Mingapi? Hesabu ya Wazee Wetu, Kutoka Bungoma na Kitale Hadi Pwani



Mama yangu ana umri wa aina mbili. Upo ule anaoujua mwenyewe, na upo ule ulioandikwa katika kitambulisho chake. Baina ya huu na ule pana miaka 8. Kwa kitambulisho alizaliwa mwaka 1957. Kwa maelezo yake, mwishoni mwa mwaka 1961, wakati zile mvua kubwa zilipoizamisha Kenya nzima na mto Sabaki ukafurika, yeye alikuwa ameshakhitimu msahafu na amefanyiwa karamu na mwalimu wake wa chuo. Mtoto wa miaka 4 hakhitimu msahafu. Zaidi ya hapo, kaka yangu mkubwa alizaliwa mwaka 1970. Tukiifuata karatasi, mama alimzaa kifungua mimba wake akiwa na miaka 13.

Sisi nyumbani tulikuwa tukilicheka jambo hili. Tulimtania mama kwamba serikali imempa ujana wa bure. Sikujua kuwa ni jambo la kuhesabiwa kwa shilingi mpaka nilipokwenda Bungoma na Kitale mwezi wa Agosti 2024, kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko. Nilichokiona kwa wazee wa bara kilinifanya nirudi Malindi na daftari, nikakaa na mama barazani na kumuuliza upya maswali ambayo ilifaa nimuulize miaka 20 iliyopita.

Makala ya leo ni ya wazee wa Kenya: wako wangapi, wanaishi vipi, wanapata nini. Lakini kila hesabu ya wazee husimama juu ya swali moja dogo, mzee ana miaka mingapi, na nitaanzia hapo.

Rika la Bungoma

Baba mkwe wa dada yangu ni Mbukusu, mkaazi wa karibu na Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alisilimu akiwa kijana. Hilo si jambo la ajabu kule. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika Mumias, kwenye himaya ya Wanga, tangu karne ya 19, na Uislamu ukaenea kutoka hapo hadi vijiji vya jirani. Mzee anavaa kofia, anazungumza Kiswahili kizuri, na nilipomwamkia "Shikamoo Baba" aliitikia "Marahaba mwanangu" kana kwamba amelelewa Kibokoni.

Nilifika mwaka wa tohara. Wabukusu hutahiri kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, na desturi hiyo haibagui dini. Njiani tulipishana na vijana wamevaa shanga, wakigonga kengele za mkononi ziitwazo chinyimba, wakienda kuwaalika wajomba na shangazi. Jioni nikamuuliza mzee: "Baba, wewe ulitahiriwa lini?" Hakunipa tarehe. Alinijibu: "Mimi ni Maina."

Neno hilo moja lina umri wake wote ndani. Wabukusu wana marika 8: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakiisha yote 8, hurudiwa tena tangu mwanzo, na mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 100. Rika la Nyange walianza kutahiriwa mwaka 1948 na kuendelea miaka ya 1950. Maina ni watu wa miaka ya 1960. Wakafuata Chuma kuanzia miaka ya 1970. Ndani ya kila rika kila msimu wa tohara una jina lake, kwa hivyo mzee akitaja rika na msimu, wenzake wanajua mwaka aliotahiriwa hata kama hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona cheti cha kuzaliwa. Na hawezi kudanganya, kwa sababu wale waliosimama naye asubuhi ile wako hai au watoto wao wapo.

Mzee alitahiriwa mwaka 1962, na anasema alikuwa na miaka 15. Kwa hiyo alizaliwa mwaka 1947 au karibu na hapo. Kitambulisho chake kinasema 1953.

Nilidhani ni kosa la karani kama la mama. Mzee akacheka. "Hapana, mwanangu. Hilo nilifanya mwenyewe." Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipoanza kazi, vijana walimiminika kutafuta ajira, na ikaenea habari kwamba wanataka vijana wadogo. Yeye alikuwa na miaka 27, mke na watoto wawili. Alipoomba kitambulisho kipya akataja miaka 21. Akapata kazi. Alilea watoto kwa kazi ile, na baba yake shemeji yangu ndiyo huyo.

Mwaka 2017 serikali ilipotangaza kuwa kila mzee wa miaka 70 aandikishwe kwenye mpango wa fedha, mzee alikuwa na miaka 70 kamili. Karatasi yake ilikuwa na 64. Alibaki nyumbani akawatazama Maina wenzake wakienda kujiandikisha. "Nilisema uongo mmoja," aliniambia, "nao ukanilipa mshahara. Siwezi kulia ukinikata kidogo."

Mama yangu hakusema uongo wowote.

Vyeti vilichelewa

Ni vizuri tuelewe kwa nini wazee wengi wa Kenya hawana tarehe ya kweli. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika mwaka 1929, lakini kwa Waafrika haikuwa lazima. Ulazima ulianza mwaka 1963 katika maeneo machache, ukapanuliwa pole pole, na nchi nzima ikafikiwa mwaka 1971. Kila aliyetimiza miaka 60 leo alizaliwa kabla ya mwaka huo. Wengi wao walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa, na tarehe ikabaki kichwani mwa bibi.

Kitambulisho nacho kina historia yake. Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume tu, nacho kilikuwa cha kuwabana wafanyakazi, si cha kuwahudumia. Wanawake hawakuingizwa kwenye sheria ya usajili wa watu mpaka ilipobadilishwa mwaka 1978. Fikiria maana yake. Mama zetu na nyanya zetu walisimama mbele ya karani wa serikali kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, wengine na wajukuu, na kuulizwa swali ambalo hawakuwahi kuulizwa kwa namna ile. Mama alikwenda mwaka 1979. Anasema karani alimwangalia usoni, akaona ni mwembamba, akaandika. Hakumsomea alichoandika, na mama hakusoma herufi za kizungu. Alisoma Kiarabu tu, cha msahafu.

Hata kipimo cha mwaka chenyewe kilikuwa tofauti. Wazee wengi wa Pwani walihesabu kwa Muharram na Mfunguo Mosi, na mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Miaka 70 ya kalenda ya ofisini ni zaidi kidogo ya miaka 72 ya Hijria. Hilo pekee latosha kumchanganya mzee na karani, wote wawili wakisema kweli.

Wahesabuji wa sensa wanalijua tatizo hili. Ndiyo maana hupewa orodha ya matukio makubwa ya kila sehemu ya nchi ili wamsaidie mzee kujikumbuka. Bungoma, mzee aweza kuulizwa alikuwa mkubwa kiasi gani siku ya tarehe 10 Februari 1948, polisi walipowapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa pale Malakisi. Sisi tunaweza kuulizwa kuhusu Oktoba 1963, ulipotiwa saini mkataba wa ukanda wa maili 10 wa Sultani, au Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa. Asiyekumbuka hukadiria, na anayekadiria hupenda namba za mviringo: 60, 65, 70, 75. Wataalamu wana hata kipimo cha kupima tabia hiyo, kiitwacho kipimo cha Whipple. Kikisoma 100, watu wametaja umri bila kupendelea namba. Kikisoma 500, kila mtu ametaja umri unaoishia na 0 au 5.

Wako wangapi

Pamoja na kasoro hizo, hesabu ipo. Sensa ya Agosti 2019 ilipata Wakenya 47,564,296. Waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7, yaani karibu watu 6 katika kila 100. Wanawake ni wengi kuliko wanaume kati yao, na wengi wa wazee wanaishi mashambani.

Kama namba hizo ni ngumu kuziona machoni, zitazame hivi. Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570 na Trans Nzoia, ambayo Kitale ndio mji wake mkuu, ilikuwa na watu 990,341. Ungewakusanya wazee wote wa Kenya, wangejaza kaunti hizo mbili bila mtoto hata mmoja ndani, na wengine wangebaki nje. Ukitaka mfano wa kwetu, Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 na Kilifi 1,453,787. Jumla yake ni karibu ile ile. Wazee wa Kenya ni Mombasa na Kilifi nzima, wote wenye mvi.

Na wanaongezeka haraka. Sensa ya 2009 iliwahesabu wazee milioni 1.9. Katika miaka 10 wameongezeka kwa karibu 42 katika kila 100, ilhali Wakenya kwa jumla waliongezeka 23 katika kila 100. Tumezoea kusema Kenya ni nchi ya vijana, na ni kweli, lakini wazee ndio wanaokua kwa kasi.

Katiba ya 2010 inawatambua. Kifungu cha 57 kinawapa haki ya kushiriki mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kifungu cha 260 kinasema mzee ni aliyepita miaka 60. Lakini fedha za wazee ni za miaka 70. Hapo katikati pana miaka 10 ambayo mtu ni mzee wa Katiba lakini si mzee wa malipo. Tena kwa takwimu za sensa hiyo hiyo ya 2019, matarajio ya maisha ya mtoto wa kiume anapozaliwa ni miaka 60.6, na wa kike 66.5. Yote mawili yako chini ya 70.

Siku ya mzee Kitale

Kutoka Bungoma nilipanda matatu hadi Kitale, ambako dada yangu ana duka la nguo. Kitale ni mji wa namna nyingine. Ilikuwa nchi ya walowezi. Reli iliifikia mwaka 1926 kwa ajili ya mahindi yao. Waafrika waliishi kwenye mashamba hayo kama vibarua, na baada ya uhuru watu wa makabila mbalimbali walikuja kununua au kugawiwa ardhi. Kwa hiyo mzee wa Kitale huenda hana rika la kumshuhudia. Wenzake wametoka kila pembe.

Jirani wa dada yangu ni bibi mmoja ambaye sitamtaja jina. Alizaliwa kwenye shamba la mlowezi, hakumbuki lipi kati ya mawili. Hakupata ardhi. Umri wake anaupima kwa kaka yake, na kaka yake amefariki. Nilikaa kwake siku mbili nikimsaidia mjukuu wake hesabu za shule, na hii ndiyo siku yake nilivyoiona.

Anaamka kabla ya alfajiri. Anawasha moto, anawapikia uji wajukuu watatu ambao mama yao yuko Nairobi. Wakienda shule anachukua ndoo kwenda bombani. Jua likianza kupanda yuko barabarani na kikapu cha sukuma wiki na managu. Mchana anakula akikumbuka. Saa 10 wajukuu wanarudi, anapika ugali, usiku anawauliza wamesoma nini ingawa yeye hakusoma. Ana presha na miguu inamvimba. Msimu wa kuvuna mahindi, Oktoba na Novemba, bado huenda kuvuna kwa kibarua kwenye mashamba ya watu.

Kitambulisho chake kinampa miaka 74, kwa hiyo yumo kwenye mpango wa Inua Jamii. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hutolewa ya miezi miwili pamoja. Nilimuuliza inavyokwenda. Alinihesabia kwa vidole: unga kwanza, kisha dawa, kisha daftari na kalamu, kisha sabuni. Kisha akanyosha mikono yote miwili kunionyesha. Miaka ya jembe imezifuta alama za vidole vyake. Mara mbili mashine ya kulipia ilikataa kumtambua, akarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kulipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Mara ya tatu aliambiwa aoshe mikono kwa maji ya moto na ajaribu tena. Ikakubali.

"Kidole changu kinaniambia mimi si mimi," alisema, kisha akaendelea kupanga mboga.

Shilingi 2,000 ni zile zile tangu mpango wa miaka 70 ulipoanza kulipa mwaka 2018. Mwaka 2017 unga wa ruzuku wa kilo 2 ulikuwa shilingi 90. Mwaka 2022 pakiti hiyo ilivuka shilingi 200 madukani. Sisemi fedha hizo ni bure. Nimeona zinavyompa bibi yule heshima mbele ya muuza duka, kwamba naye ana mwezi wake wa kulipwa. Ninasema tu kwamba hazikui pamoja naye.

Mvi za Bungoma, mvi za Kilifi

Jambo moja lilinipa wivu kule. Nilipokuwa Kanduyi, mzee wetu alikuwa akiitwa kila siku. Huyu anataka ushauri, yule anataka mwanawe abarikiwe kabla ya tohara, mwingine anataka kujua mpaka wa shamba uliwekwa na nani. Mvi zake zilikuwa kama kitabu cha kijiji.

Sisi Pwani tunasema penye wazee haliharibiki neno, na twajua ni maneno tu katika baadhi ya vijiji vyetu. Kaunti ya Kilifi imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi kwa mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi ukichimba utakuta shamba. Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma, mahali wazee waliotishiwa maisha na jamaa zao wamekimbilia. Kuna wazee wa Pwani wanaopaka mvi rangi nyeusi, na si kwa urembo. Mzee asiye na karatasi ya umri wake mara nyingi hana pia karatasi ya shamba lake. Ndiyo maana siyatengi mambo haya mawili.

Jirani wanafanyaje

Umri wa kulipwa si jambo lililoshuka kutoka mbinguni. Kila nchi imechora mstari wake.

Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, na kiwango kimepandishwa tangu hapo. Uganda ilianza mpango wake wa wazee kwa majaribio mwaka 2010. Ulipopelekwa nchi nzima, mstari ukawekwa kwenye miaka 80, na malipo ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Kutoka Bungoma hadi mpaka wa Lwakhakha ni safari fupi. Mzee akiwa upande huu anangoja 70. Ndugu yake wa ukoo mmoja akiwa ng'ambo ya mto anangoja 80. Magoti yao yanauma sawa.

Kwetu pia mstari una ukungu. Baada ya usajili wa 2017, wazee waliotimiza miaka 70 baadaye walikaa miaka kadhaa wakingoja, mpaka usajili mpya ulipofunguliwa mwaka 2023. Mzee wa Kanduyi alijiandikisha mwaka huo, karatasi yake ilipofika 70. Umri wake wa kweli ulikuwa 76. Miaka 6 kwa shilingi 24,000 kwa mwaka ni shilingi 144,000. Kwa mama, tofauti ni miaka 8, yaani shilingi 192,000. Karatasi yake itafika 70 mwaka 2027, inshaallah. Yeye mwenyewe, kwa hesabu ya msahafu wake, tayari amevuka 74.

La kufanya nyumbani

Nilirudi Malindi nikaanza kufuatilia kitambulisho cha mama. Ofisi ya kwanza niliyokwenda nilizungushwa siku tatu, kisha nikaambiwa kwamba mama mwenyewe hajalalamika kwa miaka zaidi ya 40, kwa nini leo. Ilinichoma, lakini swali lilikuwa la haki. Kwa nini leo? Kwa sababu hatukumuuliza.

Haya ndiyo niliyojifunza, na nayaandika yamfae mwingine.

Kwanza, kaa na mzee wako na uandike. Usimuulize "ulizaliwa lini". Muulize alikuwa anafanya nini mvua za 1961, bendera ya uhuru ilipopandishwa, Kenyatta alipokufa. Muulize nani alikuwa chuoni pamoja naye, nani mkubwa kwake kwa mwaka mmoja, nani mdogo. Andika na majina ya walio hai wanaoweza kushuhudia. Wabukusu wana rika. Sisi tuna chuo, ngoma za harusi na misimu ya kusi na kaskazi.

Pili, tafuta karatasi yoyote ya zamani: cheti cha shule, kadi ya hospitali, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wakubwa. Cheti cha kaka yangu cha 1970 ndicho hoja yetu nzito kuliko zote, kwa sababu hakuna afisa anayeweza kusema mama wa miaka 13 ni jambo la kawaida. Mambo mengine husaidiwa na barua ya chifu, kiapo mbele ya anayeruhusiwa kuapisha, na tathmini ya umri ya daktari wa hospitali ya serikali.

Tatu, anza mapema. Mzazi wako akiwa na miaka 60 bado ana nguvu za kusimama foleni na bado ana wenzake wa kumshuhudia. Akifika 75 mashahidi wamekwenda.

Nne, kwenye Inua Jamii mzee anaweza kumtaja mlezi wa kumsaidia kuchukua malipo. Mtajeni mtu mwaminifu, na familia nzima imjue, kwa sababu wapo wazee ambao fedha zao zinaliwa na wajukuu. Kitambulisho chenye makosa kinagusa pia mambo mengine. Bima mpya ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hujisajili kwa kitambulisho hicho hicho.

Tano, tusiseme uongo. Najua vishawishi. Ukishaona karatasi inaweza kurekebishwa, utajiuliza kwa nini usimwongezee mzee miaka miwili zaidi. Mzee wa Kanduyi alinipa jibu. Uongo wake wa 1974 ulimlisha, na hajutii, lakini mwaka 2009 kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka 62 ya kweli na 56 ya karatasi, hana mshahara, na hahesabiwi mzee. Aliishi miaka mingi bila kuwa kijana wala mzee.

Faili la mama bado liko ofisini ninapoandika haya. Tumeambiwa turudi na shahidi mwingine aliyesoma naye chuo. Katika orodha ya daftari langu walikuwa watoto 11 wa chuo kile. Waliobaki ni watatu. Mmoja yuko Lamu na hatembei, mwingine amesahau mambo mengi, na wa tatu ni mama mwenyewe.

Ijumaa ijayo, apendapo Mungu, nakwenda Lamu.